Sura ya Folda: Nani Huichagua Picha ya Mbele?

Makala haya yanahusu jambo ambalo wahakiki wa fasihi hawajazoea kulihesabu kuwa ni lao, yaani ile picha ndogo ambayo programu ya kutunzia picha huiweka juu ya folda kabla mtu hajaifungua. Hapa tutaiita kijipicha cha mbele. Huenda msomaji akauliza jambo hili linaihusu nini idara ya Kiswahili. Jibu letu ni kwamba kijipicha hicho ni sehemu inayosimama mahali pa kizima, nasi kila mwaka huwafundisha wanafunzi kwamba sehemu haisimami mahali pa kizima pasipo mtu au kanuni iliyoiteua. Lugha yetu yenyewe inalidokeza hilo: sura ni uso wa mtu, na sura ni fungu la kitabu. Mwenye kuchagua uso amekwisha kuanza kusimulia.

Tuanze na programu ambazo kanuni zake ziko wazi. Katika Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, folda ya picha iliweza kuonyeshwa na vijipicha vinne usoni pake, navyo vilikuwa vya picha zilizobadilishwa karibuni zaidi. Asiyeridhika aliruhusiwa kuteua picha moja kwa mkono wake, au kuweka ndani ya folda faili liitwalo folder.jpg, nalo likashika nafasi ya vile vinne. Desturi ya jina hilo imeenea hata katika programu za muziki, ambamo picha ya jalada la santuri huhifadhiwa vivyo hivyo. Programu nyingine hazina hata mashauri hayo: huchukua picha ya kwanza kwa mpangilio wa majina, na zile zinazopanga herufi moja moja huitanguliza namba 10 mbele ya namba 2, kana kwamba hazijapata kuhesabu.

Kanuni hizo ni pumbavu, lakini upumbavu wake unajulikana, na hiyo si fadhila ndogo. Hata hivyo zina tabia moja ambayo hatujaona ikisemwa vya kutosha. Picha inayobadilishwa mara nyingi ndiyo iliyokuwa na kasoro: ilipigwa upande, au ilikuwa na giza, ikabidi irekebishwe. Basi kanuni ya «karibuni zaidi» humtanguliza mgonjwa na kumficha mzima. Picha nzuri, ambayo haikuhitaji kuguswa na mtu, hurudi nyuma kimyakimya.

Yaliyotupata sisi wenyewe yanatosha kuwa mfano. Miaka kadhaa iliyopita tuliingiza katika kompyuta picha zilizopigwa wakati wa kurekodi wasimulizi na waimbaji vijijini. Mpiga picha wetu, ambaye ni mtu wa utaratibu, alianza kila kikao kwa kupiga kadi ya rangi, ili baadaye rangi za picha zote zisawazishwe kwa kuifuata kadi hiyo. Kamera ikatoa namba, kadi ikawa ya kwanza. Tulipofungua programu tuliona safu za folda, na juu ya kila folda kadi ileile, miraba ileile ya rangi. Wanafunzi walikuja, wakafungua folda mbili tatu, wakaondoka. Ungedhani tumerekodi duka la rangi.

Tukadhani tumepata dawa: tukageuza mpangilio, picha ya mwisho ya kila kikao ikawa mbele. Hapo mambo yakawa mabaya zaidi, maana sasa yalikuwa na maana. Picha ya mwisho ya kila safari ni ile ya kuagana: chifu, mwalimu mkuu, wageni kutoka chuoni, sote tumesimama wima na kutazama kamera. Bibi aliyesimulia ngano kwa saa mbili hayumo, kwa kuwa wakati huo alikuwa jikoni akiwapikia hao wanaopigwa picha. Mwanafunzi mmoja aliandika katika tasnifu yake kwamba mkusanyo wetu wahusu hasa mapokezi rasmi, na kwamba wanawake ni wachache mno ndani yake. Tuliposoma tulikasirika, kisha tukafungua programu na kutazama alichokitazama yeye. Alikuwa amesoma jalada kwa uaminifu; hatukuwa na la kumlaumu.

Kanuni ya kwanza ilisimulia habari za kazi ya mpiga picha, na ya pili habari za heshima ya wakubwa. Hakuna hata moja iliyosimulia habari za ngano.

Ziko programu zinazomwachia mwenyewe hiari. Katika iPhoto ya Apple, tangu toleo la mwaka 2007 lililoleta mafungu ya picha kwa matukio, mtu aliweza kuteua picha kuu ya tukio. Katika digiKam, ambayo ni programu huria, picha yoyote yaweza kufanywa alama ya albamu. Sisi twaunga mkono njia hiyo, ila tusidanganyike kwamba hiari ya binadamu ni safi. Mtu huteua kwa macho ya cheo chake. Wakazi wa Lubumbashi hawahitaji kufundishwa hilo. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliacha picha nyingi, na uso iliojichagulia ulikuwa ule wa kampuni yenyewe: mitambo na wakubwa wa kazi, na wafanyakazi wakiwa wamepangwa mistari. Mwaka 2006 msanii wetu Sammy Baloji, katika mfululizo wake uitwao Mémoire, alizitwaa picha za zamani za namna hiyo, akawatoa watu waliomo na kuwasimamisha mbele ya magofu ya viwanda vya Gécamines kama yalivyoonekana wakati huo. Wahakiki wamesema mengi juu ya magofu hayo. Kwa maoni yetu, tendo lililo zito zaidi ni lile la kuteua upya: aliyekuwa mmoja katika mstari amekuwa uso wa folda.

Zimebaki programu zinazokisia. Hizi hutafuta nyuso, hupima ung'avu na utulivu wa picha, kisha huamua zenyewe ipi ni «bora». Hapa ndipo tunapokuwa na wasiwasi mkubwa, kwa sababu kanuni yake haisomeki. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha uchunguzi wa programu tatu za biashara zinazotambua jinsia kwa kutazama uso: kwa wanaume wenye ngozi nyeupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, lakini kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika asilimia 34.7. Kazi ile haikuwa ya kuteua vijipicha, twakiri. Lakini mtandao ulioitwa wakati huo Twitter ulikuwa ukikata picha kwa mashine ili kupata sehemu ya kuonyesha kwanza, na hiyo ni ndugu wa karibu wa mada yetu. Watumiaji walilalamika mwaka 2020. Mwezi Mei 2021 kampuni yenyewe ilitangaza kwamba katika majaribio yake mashine ilielemea watu weupe kwa tofauti ya asilimia 4 kutoka kwenye usawa, ikaiacha njia hiyo. Mtu aweza kusema asilimia 4 si kitu. Aseme hivyo yule ambaye uso wake haukukatwa.

Twapendekeza basi kwamba kila mkusanyo wa chuo uandike, pamoja na jina la mrekodi na tarehe, ni nani aliyeteua picha ya mbele na kwa sababu gani. Ni mstari mmoja tu wa maandishi.

Sisi tumeanza na folda ya yule bibi, ambaye sasa ni marehemu. Tuliwapelekea wanawe picha tatu tulizoziona nzuri, zote akiwa ametulia mbele ya kinasa sauti. Walizitazama kwa adabu, kisha wakaomba kuziona nyingine. Wakateua moja iliyotikisika, mkono umefifia kwa mwendo, bibi akiinuka kitini kumlaki mtu aliyekuwa mlangoni. Mashine ingeiweka ya mwisho. Bintiye mkubwa alituambia, «Mama hakuwa mtu wa kukaa wageni wakiingia.» Faili hilo sasa linaitwa folder.jpg.