Shahidi Anayesahau: Namna ya Kuipima Tamthilia ya Fumbo

Waandishi wa tamthilia za fumbo wanampenda sana shahidi anayesahau. Anajua maiti ilizikwa wapi, ila hawezi kusema, na mtazamaji anaendelea kusubiri hadi sehemu ya mwisho. Kwa kuwa mbinu hii ni nyepesi, imetumiwa vibaya mara nyingi, na anayetaka kutenganisha kazi nzuri na kazi ya ovyo anahitaji kipimo.

Kipimo changu ni kimoja, na yote yanayofuata yanatoka humo. Ugonjwa wa kusahau, ambao madaktari huuita dimenshia, una kanuni zake. Tamthilia nzuri inazitii kanuni hizo hata zinapomharibia mwandishi mpango. Tamthilia mbaya inamsahaulisha mzee pale tu siri inapotakiwa kufichwa, kisha inamrudishia akili dakika tano kabla ya mwisho.

Sisi wa Moshi hatuna haja ya kwenda mbali kuzijua kanuni hizo. Watafiti wa hospitali ya KCMC na wenzao kutoka Newcastle, Uingereza, walipita vijiji vya Wilaya ya Hai wakiwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba takriban wazee 6 kati ya kila 100 wana ugonjwa huu. Kwa hiyo watazamaji wengi wa huku wana bibi, jirani au baba mdogo wa kumlinganisha na wanachokiona kwenye skrini. Wautumie ujuzi huo bila woga.

Anasahau nini kwanza?

Katika maradhi ya Alzheimer, ambayo ndiyo aina ya dimenshia inayoonekana zaidi, mambo mapya hutangulia kupotea na ya zamani hubaki muda mrefu. Mzee hakumbuki kama amekula mchana, lakini atakueleza foleni ya kupima kahawa kwenye chama cha ushirika alipokuwa kijana, na nani alikuwa mbele yake. Mwandishi akimfanya asahau mwaka aliooa, halafu akumbuke namba ya gari lililopita jana, weka alama ya kosa.

Mfano bora ninaoujua ni Elizabeth Is Missing, filamu ya televisheni ya BBC ya mwaka 2019. Glenda Jackson anamwigiza Maud, bibi anayemtafuta rafiki yake Elizabeth huku akijaza mifuko vikaratasi vya kujikumbusha. Kila anayeulizwa anamjibu, na kila jibu linamtoka. Lakini chini ya fumbo hilo kuna jingine, la dada yake aliyetoweka miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili. La leo linamponyoka, la zamani limemkaa sawasawa. Mwandishi hakulazimisha kitu: muundo wa hadithi ni muundo wa ugonjwa wenyewe, na ndiyo maana dokezo la zamani likiibuka tunaliamini.

Usichanganye dimenshia na jeraha la kichwa. Memento, filamu ya Christopher Nolan ya mwaka 2000, inamhusu mtu aliyeumizwa. Ya kabla ya tukio anayo, mapya hayashiki, na hali yake haizidi kuzorota kila mwaka. Ipime kwa kanuni zake. Na ukiona mzee aliyekuwa timamu Jumatatu akaanza kuweweseka Jumanne, hiyo si dimenshia iliyoanza. Mara nyingi ni malaria, maambukizi ya mkojo au nimonia, na mwandishi makini angempeleka hospitali.

Kamera iko upande wa nani?

Kazi nyingi humtazama mgonjwa kutoka mlangoni, pamoja na wanafamilia wanaotikisa vichwa. Zilizo bora zinatuingiza ndani. The Father ya Florian Zeller, ya mwaka 2020, inafanya hivyo kwa vitu vya nyumbani. Jiko linabadilika kidogo, picha inatoweka ukutani, kiti si kile cha mwanzo. Binti anayechezwa na Olivia Colman anaingia onyesho jingine akiwa na sura ya Olivia Williams. Hakuna anayetuambia kitu. Tunabaki tukijiuliza kama tuliangalia vizuri, na hapo tumekaa pale alipokaa mzee. Anthony Hopkins alipata Oscar kwa kazi hiyo akiwa na miaka 83.

Filamu hiyo pia inajua jambo ambalo kila anayeuguza analijua: saa ya mzee ikipotea, mwizi ni yule anayemhudumia. Mgonjwa huficha kitu, husahau alipokificha, na akili yake hutafuta maelezo. Tamthilia inayotumia tuhuma kama hizo kumjengea mhudumu sura ya mshukiwa imepata fumbo la kweli bila kudanganya. Sharti ni kwamba nasi tuwe tumeonyeshwa saa ikifichwa, au angalau tumepewa nafasi ya kuiona.

Mikono na uso

Waigizaji wengi hudhani kusahau ni kutumbua macho na kunyamaza. Mtazame mgonjwa wa kweli uone kazi anayoifanya kuficha. Kipimo cha dimenshia kiitwacho IDEA, kilichotengenezwa Hai kwa ajili ya wazee wengi ambao hawakukaa darasani, hakihitaji kalamu. Mzee anaulizwa daraja ni nini, leo ni siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani. Anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Anasomewa maneno kumi ili ayakumbuke baadaye. Kisha mpimaji anapanga njiti za kiberiti mezani kwa umbo fulani, naye anaombwa apange vilevile.

Hebu liweke tukio hilo mbele ya kamera. Mwigizaji mzuri atazichukua njiti kwa ujasiri, ataweka mbili, atasita na ya tatu. Atacheka. Atamgeukia binti yake kana kwamba swali ni la binti. Atasema mambo haya ni ya watoto, na atazirudisha njiti ndani ya kiberiti, zimepangana vizuri, kwa sababu kazi hiyo mikono yake ina mazoea nayo tangu ujana. Katika sekunde ishirini tumeona uwezo uliokwenda, uwezo uliobaki na heshima inayolindwa. Mikono husahau kwa kuchelewa: bibi asiyejua jina la mjukuu bado anaweza kumenya ndizi mshale mkungu mzima bila kuangalia kisu.

Kutokana na kipimo hicho cha IDEA tunapata onyo jingine kwa waandishi wetu. Ukimwonyesha mzee asiyeweza kuandika barua ukadhani umeonyesha ugonjwa, huku hakuwahi kwenda shule, hujaonyesha kitu. Mwandishi atafute kile ambacho mtu huyo alikuwa anakiweza, ndipo atuonyeshe kikimtoka.

Lugha na mahali

Hapa ndipo ninapotamani kuona kazi ya kwetu, kwa maana mlima wetu, Kilimanjaro, umejaa mafumbo ambayo ugonjwa huu ungeyafungua kwa haki. Mtu aliyeishi kwa lugha mbili huweza kurudi kwenye ile ya utotoni kadiri ugonjwa unavyozidi. Kiswahili cha kazini na sokoni kinapungua, lugha ya mama inabaki. Na Kichagga si kimoja: Kimachame ni mbali na Kivunjo kiasi kwamba wazee wa pande hizo mbili huona heri wazungumze Kiswahili.

Sasa mchukue bibi aliyezaliwa Kilema akaolewa Machame. Mume amefariki, na watoto waliorudi Krismasi wanagombania mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Masale, mimea iliyooteshwa mpakani, yameng'olewa usiku, na mzee wa mwisho aliyekuwepo yalipopandwa ni huyu bibi. Siku moja anasema mpaka uko kwenye mti wa mringaringa. Siku nyingine anasema uko kwenye mfereji. Upande mmoja wa familia unamwita shahidi, wa pili unasema amechanganyikiwa, na baraza la kata halijui limsikilize vipi.

Mwandishi mvivu atamwacha bibi apate akili ghafla mbele ya baraza. Mwandishi stadi atatupa jibu tangu sehemu ya kwanza: akisema mringaringa anaongea Kimachame, akisema mfereji anaongea Kivunjo. Mipaka yote miwili ni ya kweli. Mmoja ni wa kihamba cha mumewe, mwingine ni wa kwa baba yake, alikokuwa binti mdogo. Kadiri siku zinavyokwenda, neno “nyumbani” kwake linarudi Kilema. Mjukuu aliyekulia Dar es Salaam hawezi kuzitofautisha lugha hizo, kwa hiyo fumbo linasimama. Mtazamaji wa Marangu atang'amua mapema, na wa Mwanza atang'amua akitazama mara ya pili. Mahali penyewe, kwa lugha na historia yake, ndipo penye ufunguo wa kesi. Hadithi ambayo ingechezwa vilevile Dodoma, ikapigwa picha Moshi kwa ajili ya theluji ya Kibo tu, ipe alama chache.

Mzee anataka nini?

Kagua kama mgonjwa ana lengo. Maud anamtaka rafiki yake. Mzee wa The Father anataka abaki katika nyumba anayoamini ni yake. Mgonjwa akigeuzwa kasha la siri linalosubiri kufunguliwa na vijana, kazi imeanguka, hata picha ziwe nzuri namna gani.

Angalia pia tamthilia inavyozitendea imani zetu. Watafiti waliozungumza na familia na waganga wa Hai waliwakuta wengi wakiuona usahaulifu kuwa ni uzee tu, na wengine wakiuhusisha na uchawi. Tamthilia ina haki ya kuonyesha bibi akiitwa mchawi, kwa sababu jambo hilo hutokea na huwaweka wazee hatarini. Haina haki ya kuitumia tuhuma hiyo kutisha watazamaji na kuiacha hapo bila kuijibu.

Mwisho wa hadithi

Ugonjwa huu hauna dawa ya kuurudisha nyuma, hivyo mwisho wa fumbo hauwezi kuwa kupona. Msimu wa tatu wa True Detective, wa mwaka 2019, ulikabiliana na sharti hilo moja kwa moja. Mahershala Ali ni Wayne Hays, mpelelezi anayeonekana katika mwaka 1980, 1990 na 2015, na katika uzee anajiachia maelezo kwenye kinasa sauti. Anautegua mkasa wa watoto wawili waliopotea, anafika kwenye nyumba yenye jibu, na anapokuwa mbele ya mwanamke aliyemtafuta maisha yake yote hakumbuki amefuata nini. Kesi imejibiwa kwa mtazamaji, siyo kwake. Inauma, na ni sahihi.

Hukumu yangu huwa naiacha hadi nitazame mara ya pili. Safari hiyo namfuata mzee peke yake, kila neno alilosema. Nikikuta kwamba alikuwa anasema ukweli muda wote, ukweli wa mwaka mwingine au wa nyumba nyingine, na kwamba waliokosea ni wale ambao hawakumsikiliza, naipa tamthilia hiyo alama za juu kabisa. Kipimo hicho yeyote anaweza kukitumia, na wanaoandika skripti hapa Moshi wakitumie kabla kamera haijawashwa.