Kukubali ni Rahisi, Kukataa Kuna Sarufi

Karibu kila kitabu cha Kihispania cha ngazi ya B1 kina sura ya los medios de comunicación. Kuna picha ya mzee na gazeti, msichana na simu, kisha kisanduku cha misemo ya kukariri: en mi opinión, creo que, estoy de acuerdo. Halafu swali: runinga ni nzuri au mbaya? Darasa zima linajibu kwamba ina faida na hasara. Kipindi kinaisha na hakuna aliyesema kitu.

Sura hii inaniudhi, na si kwa sababu inaboesha tu. Inamfundisha mwanafunzi kukubali.

Tazama sarufi yenyewe. Kwa Kiswahili nasema "nadhani gazeti linasema ukweli", na nikigeuka, "sidhani gazeti linasema ukweli". Kitenzi hakijaguswa. Kihispania hakikuachi hivyo. Creo que el periódico dice la verdad, lakini no creo que el periódico diga la verdad. Ukishatia shaka, dice inageuka diga, na hiyo diga ndiyo subjuntivo, ile inayowatoa watu jasho. Sasa mweke mwanafunzi mbele ya wenzake. Estoy de acuerdo haimgharimu chochote. Kupinga kunamtaka apige hesabu ya kitenzi kichwani huku mwalimu anamkodolea macho. Atasema nini? Atakubali, bana. Halafu tunaita huo mjadala.

Kisanduku cha misemo hakitibu hilo. Kinachosaidia ni kumpa kitu cha kubishia. Chukua kura ya Catalonia ya tarehe 1 Oktoba 2017, ambayo Mahakama ya Katiba ya Uhispania ilikuwa imeisimamisha. Kuna walioiita referéndum tu, na kuna walioongeza ilegal. Neno moja, na tayari unajua mwandishi amesimama wapi. Leta habari mbili za siku ile darasani uone kama kuna atakayezungumzia faida na hasara.

Au leta kile kitenzi cha uvumi, kinachopendwa sana na magazeti ya Amerika ya Kusini: el ministro habría recibido dinero. Mwandishi hasemi waziri alipokea pesa, wala hasemi hakupokea. Kitabu cha mwongozo wa uandishi cha El País, gazeti lililoanzishwa Madrid mwaka 1976, kinawakataza waandishi wake kuandika hivyo. Mkenya haitaji kuelezwa sana hapa. Magazeti yetu yana "inadaiwa", na kwenye matatu tuna "ati": ati waziri alikula pesa. Yeye tayari anajua kusikia nani anajikinga na nani anakejeli, ila kitabu hakijawahi kumuuliza.

Mtihani wa DELE B2 wa Instituto Cervantes unajaribu kidogo. Kwenye sehemu ya kuongea, mtahiniwa hupewa matokeo ya kura ya maoni alinganishe na majibu yake mwenyewe. Angalau hapo anaweza kujikuta upande wa wachache, na itabidi aeleze sababu.

Basi akisema no creo que dice, mwalimu, usimkatize. Msikilize kwanza kwa nini haliamini hilo gazeti. Diga utaiandika ubaoni akimaliza.