Wilder Girls: Hofu Inapokaa Mwilini

Riwaya ya kwanza ya Rory Power, Wilder Girls, ilipotoka mwaka 2019, haikuchelewa kufananishwa na Lord of the Flies ya William Golding. Ni kweli kwamba zote mbili zinasimulia watoto waliokwama kisiwani, lakini mfanano huo unaficha zaidi ya unavyofichua. Wavulana wa Golding wanaharibika kwa kukosa utawala. Wasichana wa shule ya bweni ya Raxter, kisiwani karibu na pwani ya Maine nchini Marekani, wana utawala wa kutosha na kubaki: mwalimu mkuu yupo, uzio upo, zamu za kulinda kwa bunduki zipo, na jeshi la wanamaji linawaletea chakula huku likiwaahidi tiba. Kinachowala ni ugonjwa wanaouita Tox, na hadithi inapoanza wamekaa karantini miezi 18. Riwaya hii ina nguvu kila inapoiachia miili ya wasichana hao kazi ya kusimulia. Inalegea inapoipokonya miili kazi hiyo na kuikabidhi sayansi.

Tazama jinsi kazi yenyewe ilivyofanywa. Hetty, msimulizi mkuu, ana jicho moja lililozibika, na chini ya kope kuna kitu kinachoota. Rafiki yake Byatt ameota uti wa mgongo wa pili. Mwenzao Reese ana mkono wa magamba ya rangi ya fedha. Mwandishi wa kawaida wa hadithi za kutisha angetupeleka siku ya kwanza ya ugonjwa ili tushtuke pamoja na wahusika. Power anaanza wakati mshtuko umeshakwisha. Hetty anasimulia kwa wakati uliopo, na vidonda anavitaja kwa sauti ileile anayotumia kuhesabu risasi. Utulivu huo ndio unaotisha, maana msomaji analazimika kushtuka peke yake. Hata sehemu inayotisha kuliko zote haina zimwi. Hetty anapopangiwa zamu ya kwenda gatini kupokea mizigo, anagundua kwamba chakula kingi hutupwa baharini kabla hakijafika kwa wenzake, ambao kila mara hukigombania kwa ngumi na kucha. Anaambiwa anyamaze, naye ananyamaza. Hapo hofu imehama kutoka kwenye ugonjwa hadi kwenye dhamiri ya msimulizi tunayemwamini.

Mapenzi nayo yamesukwa kwa werevu. Tangu Carmilla ya Sheridan Le Fanu, ya karne ya 19, hadithi za kutisha zilizoea kumfanya mwanamke anayempenda mwanamke mwenzake kuwa ndiye zimwi, na kifo chake kuwa ndiyo dawa. Power amevitenganisha viwili hivyo. Tox haichagui kwa kuangalia nani anampenda nani. Hisia za Hetty kwa Reese hazisababishi ugonjwa wala haziuponyi, na hakuna anayedaiwa maelezo juu yake. Lakini palepale ndipo udhaifu wa kwanza unapojitokeza. Byatt anapotoweka, yeye ndiye anayekuwa injini ya kisa: Hetty anavunja karantini kwa ajili yake, na Byatt anapewa sura zake mwenyewe, zenye sentensi zilizokatikakatika kwa dawa na maumivu. Reese anabaki nje, hana sura hata moja ya kwake. Mtu anaweza kujibu kwamba usiri ndiyo tabia ya Reese, na kwamba njaa na hofu haziwapi watu nafasi ya kubembelezana. Sawa, lakini mhusika msiri anahitaji matendo ya kumfichua, na mengi tunayoyajua kumhusu tunayapata kwa Hetty kutuambia. Urafiki wa Hetty na Byatt una joto kuliko mapenzi yenyewe, jambo ambalo sidhani mwandishi alilikusudia.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye theluthi ya mwisho. Tunapewa chanzo: kimelea, kinachohusishwa na barafu inayoyeyuka kwa joto la dunia. Wanaoitetea hatua hii husema kwamba msomaji kijana anastahili jibu, na kwamba mabadiliko ya tabianchi ni hofu halisi ya kizazi chake. Kama mada, siipingi. Shida ni kwamba haikupandwa mapema. Maua na kaa wa kisiwani, ambao hubadilika rangi wanapokufa kama vidole vya wasichana vinavyokuwa vyeusi, walikuwa wameshatufundisha kuusoma ugonjwa bila mwalimu; kisha jibu linaletwa kwa haraka, nusunusu, katikati ya mbio za kuokoa roho. Linatosha kuua fumbo, halitoshi kuridhisha.

Lawama nyingi, hata hivyo, zimeangukia ukurasa wa mwisho, ambapo mashua inaondoka kisiwani na hatujui kama Byatt atakuwa tena Byatt. Lawama hizo zimekosea mlengwa. Hetty tangu mwanzo anajua kile tu kinachofikiwa na jicho lake moja. Kumpa ghafla uhakika wa kesho kungekuwa kuvunja kanuni ambayo riwaya yenyewe ilijiwekea. Kama kuna kurasa za kuondoa, ni zile za maelezo ya kimelea zinazotangulia mashua hiyo.