Jioni ya Sitari na Tabla: Je, ni Muziki wa Wageni?

Tulikuwa hatuzidi arubaini, tumekaa juu ya mazulia katika nyumba moja mjini London, viatu vimeachwa mlangoni. Hapakuwa na vipaza sauti, na hilo lilikuwa jema: sitari ina nyuzi za chini zisizoguswa na kidole, ambazo hulia zenyewe kwa kuitikia za juu. Katika ukumbi mkubwa hazisikiki.

Raga ya kwanza ilikuwa Yaman, ambayo kwa desturi hupigwa usiku unapoingia. Mpigaji aliifungua kwa alapu, bila tabla wala mapigo ya kuhesabu. Aliyelelewa na udi ataikumbuka taqsim. Lakini mwenye taqsim aweza kuhama maqam moja hadi nyingine kisha akarejea. Mwenye alapu habanduki katika raga yake. Huyu alikaa humo karibu nusu saa, na subira yake ndiyo iliyoupa usiku ule thamani.

Tabla ilipoingia na mzunguko wake wa mapigo 16, nilipata lawama. Kijana ana vidole vyepesi, lakini alijibu kila neno. Makofi yakazidi, mazungumzo yakapungua. Msindikizaji mzuri hujua pia pa kunyamaza.

Lawama kubwa zaidi ni ya mwenyeji, aliyetukaribisha kusikiliza “muziki wa wageni”. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani zake. Mombasa, Juma Bhalo alijipatia jina kwa taarab yenye lahani za Kihindi. Hata jina la tabla limetokana na Kiarabu.

Tusizidishe, hata hivyo. Kilichotufikia pwani hakikuwa raga ya saa nzima, bali nyimbo za filamu, kwa njia ya sinema na santuri. Na watunzi wa filamu ndio waliochota katika raga. Undugu upo, ila ni wa mbali, na wapaswa kuelezwa hivyo.

Bibi mmoja wa Mombasa aliyekaa kando yangu aliufuata wimbo wa mwisho kwa midomo iliyofumba. Wajukuu wake walishangaa ameujulia wapi. Wamuulize angali nasi, na jibu lake waliandike.