Namna Pumzi Ilivyojenga Kesho kwa Chupa ya Maji

Katika filamu ya Pumzi kuna chupa ndogo ambayo mtazamaji hafai kuiondolea macho. Asha, mhusika mkuu, anaingia msalani, na kile ambacho mwili wake umetoa kinapita kwenye mtambo wa kusafishia na kumrudia kikiwa maji ya kunywa. Hakuna msimulizi wa kutueleza kwamba dunia imekauka, wala mzee wa kukumbuka mito. Anachukua maji yake basi, kama mtu anavyochukua funguo mezani. Kisha anamgawia kidogo mwanamke anayesafisha humo, na kufikia hapo tumeshajua nani ana nini katika jamii ile, nani hana, na Asha mwenyewe ni mtu wa namna gani.

Filamu yenyewe ni ya dakika 21 tu. Iliandikwa na kuongozwa na Wanuri Kahiu, Mkenya, ikaonyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani, Januari 2010. Hadithi inatokea miaka 35 baada ya Vita Vikuu vya Tatu, vita vya kugombea maji, na waliosalia Afrika Mashariki wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jamii iitwayo Maitu. Asha anatunza makumbusho ya viumbe visivyokuwapo tena. Siku moja analetewa udongo usiojulikana umetumwa na nani. Anaupima, anaukuta una unyevu na hauna sumu ya nyuklia, anapanda mbegu, mbegu inachipua. Wakubwa wanamnyima ruhusa ya kutoka nje. Anatoroka.

Kahiu alipotoa Rafiki mwaka 2018, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, nayo ikapigwa marufuku hapa nyumbani, jina lake lilifika hata kwa watu wasiojali sinema. Pumzi haikupata bahati hiyo. Imekuwa filamu ya kutajwa kwenye semina za mazingira, na wengi wanaoisifu wanasifu ujumbe: pandeni miti, tunzeni maji. Ujumbe huo hata chifu anautoa barazani kila msimu wa mvua. Kinachopitwa ni ufundi wa mtu aliyekuwa na vyumba vichache na dakika chache, akaamua kwamba uchache huohuo ndio utakuwa sheria ya dunia anayoijenga.

Ukiitazama ukiwa Marungu, huku Taita Taveta, sheria hiyo haihitaji kufafanuliwa. Bomba la Mzima, lililolazwa miaka ya 1950, linachota maji Tsavo Magharibi na kuyapeleka Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, likiivuka nchi hii kavu. Maji hayo yanachujwa na mawe ya volkano ya vilima vya Chyulu mpaka yanatoka chemchemini yakiwa meupe kama kioo. Wanaoishi njiani mwake, huku Maungu na vijijini, wanapanga mitungi ya lita 20 kwenye kioski au wanasubiri boza. Maji ya kuoshea vyombo hayamwagwi uani. Yanapelekwa kwenye mche wa mwarobaini au mpapai. Kwa hiyo Asha anapogawanya maji yake kati ya koo lake na mche, watazamaji wa Sundance waliona mfano wa mambo yajayo, nasi tunaona hesabu ya jioni.

Hesabu ndiyo injini ya filamu hii. Kahiu ameipa dunia yake sheria tatu tu, na kila moja ameifunga kwenye kifaa kimoja kinachoonekana. Maji yanatoka mwilini na kurudi mwilini: chupa. Umeme unatokana na watu kufanya mazoezi kwenye mashine: hizo hapo, zimepangwa. Ndoto hairuhusiwi: mtambo unaigundua na kuamuru mtu ameze dawa ya kuizuia. Waandishi wengi wa hadithi za aina hii hutupa sheria kumi katika dakika tano za mwanzo, halafu saba zinasahauliwa njiani. Hapa zote tatu zinalipa. Asha anaota, na ndoto ile ya mti ndiyo inayoanzisha kila kitu. Anakamatwa, na mashine tuliyoiona mwanzo kama mazoezi ya kawaida inarudi kama adhabu: seti ileile, pengine hata pembe ileile ya kamera, lakini sasa tunasikia uzito wake. Na maji, yaliyohesabiwa tangu mwanzo, mwishoni yanamwagwa yote kwa hiari.

Angalia ilivyookoa fedha hapo. Chumba kimoja cha mashine kimefanya kazi ya vyumba viwili, na hakuna mtazamaji atakayelalamika kwamba amekiona tayari, kwa sababu maana imebadilika. Mwenye bajeti kubwa angejenga gereza.

Kuta na upeo wa macho navyo vina hadithi yao. Kabla ya kupiga picha, Kahiu na wenzake walirudi kuchunguza filamu za miaka ya 1950, zama za mandhari kuchorwa kwa mkono na mwigizaji kusimamishwa mbele ya picha iliyotupwa kwenye skrini kutoka nyuma. Kahiu aliuona ufundi huo kuwa ndugu wa sanaa za kwetu za kufuma na kuchora vitu vya matumizi. Ndiyo maana jengo la Maitu halionekani kama hoteli mpya ya Nairobi iliyowekewa taa za buluu. Lina ubapa fulani. Ukilitazama kwa nje, katikati ya mchanga, unajua limeundwa, lakini halikuudhi, kwa kuwa watu wa ndani nao wanaishi maisha yaliyoundwa. Ukali wa picha unakuja pale tu Asha anapoushika udongo na kuunusa. Kwa ghafla kuna punje na weusi, kitu chenye uzito. Kamera inasogea karibu kuliko ilivyowahi kumsogelea mtu yeyote. Sijaona filamu nyingine ya Kenya iliyoupa udongo heshima ya namna hiyo.

Kazi hii haikupigwa Kenya. Ilipigwa Afrika Kusini, chini ya kampuni ya Inspired Minority Pictures, na mmoja wa watayarishaji wake, Simon Hansen, alikuwa pia mtayarishaji wa Alive in Joburg, filamu fupi ya Neill Blomkamp iliyozaa District 9 ya mwaka 2009. Mikono hiyo ilikuwa imezoea kuweka vitu vya kubuni juu ya vumbi la kweli, na inaonekana.

Hilo la Afrika Kusini linanikera kidogo, nakiri, kwa sababu sisi wa upande huu tumeshazoea kuona nchi yetu ikitajwa na kupigiwa picha kwingine. Bwana Devil ya Arch Oboler, mwaka 1952, ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya rangi ya Marekani kutazamwa kwa miwani ya kuleta kina, na hadithi yake ni simba wala watu wa Tsavo. Sehemu kubwa ilipigwa California. The Ghost and the Darkness ya 1996, simba walewale, ilipigwa Afrika Kusini na kupata Oscar ya uhariri wa sauti. Madume wake wana manyoya tele shingoni. Wale wa Tsavo hawakuwa nayo. Kahiu angalau hakudai kwamba jangwa lake ni Tsavo.

Turudi kwenye Pumzi, upande wa sauti. Maneno ni machache mno, na mengi yanapitia kwenye mitambo: kompyuta inaonya, kompyuta inakataza, kompyuta inatoa taarifa. Sauti ya mwanadamu imekuwa haba kama maji. Muziki wa Siddhartha Barnhoorn unakaa chini kwa muda mrefu, unavuma tu, na kwa sababu hiyo pumzi za Asha anapotembea nje zinasikika kama mazungumzo. Kudzani Moswela, anayemwigiza Asha, amebeba filamu nzima kwa shingo na macho. Mwongozaji asiyemwamini mwigizaji wake angemwandikia hotuba mbele ya baraza. Huyu hakuandikiwa.

Mwisho ndipo ninapogombana na filamu. Safari ya jangwani inakwenda haraka. Mtu aliyelelewa ndani ya kuta maisha yake yote anatoka kwenye jua kali na baada ya hatua chache tayari ni msafiri. Dakika mbili zaidi za kuchanganyikiwa zingefaa. Halafu mti unapokua, kompyuta inaanza kufanya kazi ambayo mpaka hapo ilikuwa imefanywa na udongo na uso wa mtu, na macho yanagundua tofauti. Tendo lenyewe, Asha kuumwagia mche maji ya mwisho na jasho lake na kujifanya kivuli chake, lilitosha kabisa.

Filamu ya pili ninayodhani haijapewa haki yake ni Kati Kati ya Mbithi Masya, ya mwaka 2016, iliyoondoka Toronto na tuzo ya wahakiki wa kimataifa. Mwanamke aitwaye Kaleche anajikuta nyikani amevaa gauni la hospitali, hakumbuki chochote. Mbele yake kuna loji. Humo anapokewa na watu wachangamfu wanaomweleza kwamba amekufa, kama wao, na kwamba hapo ndipo wanaposubiri.

Ujanja wote uko kwenye kuchagua loji. Watu wa Voi na Mwatate wameajiriwa kwenye majengo hayo vizazi sasa, na wanajua sura yake msimu wageni wasipokuja: vitanda vimetandikwa, bwawa limejaa, baa ina chupa, hakuna anayefika. Pale kwenye loji ya Salt Lick, vyumba vikiwa juu ya nguzo na ndovu wakipita chini, hata fundi wa seti hahitajiki. Masya alielewa kwamba mahali pa starehe pasipo na mlango wa kutokea panatisha kuliko moto. Na anapotaka kuonyesha kwamba dhamiri inamla mtu, anatumia weupe uliopakwa mwilini. Rangi tu, juu ya ngozi, mchana kweupe. Elsaphan Njora, anayemwigiza Thoma, anatabasamu sana mwanzoni. Ukiirudia mara ya pili utayaona matabasamu yale kwa jicho jingine. Ni filamu ya dakika kama 75, na hakuna mtu anayekimbizwa.

Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018, siihesabu kabisa kuwa hadithi ya mambo ya ajabu, maana nguvu za msichana Jo ni za kutungwa na kijiji kizima ili mtoto anayekufa apate kuruka. Lakini ni somo la madoido: tunaonyeshwa hila inavyofanywa, kamba zote zikionekana, na bado tunaamini. Itazameni na watoto, na kitambaa kiwe karibu.

Neptune Frost, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, ni mambo mengine. Ilipigwa Rwanda, ikaonyeshwa Cannes mwaka 2021, na ndani yake kuna Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Wachimba koltani wanaungana na wadukuzi katika kijiji kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta, na mavazi yametengenezwa kwa waya na vipande vya mitambo iliyotupwa, madini yakirudi yalikotoka yakiwa takataka na kuvaliwa kama mapambo. Hadithi inapotea mara nyingi, na nyimbo zinakuja pale ambapo ungetaka maelezo. Wengi watazima kabla ya nusu saa. Siwalaumu, ila wavumilie angalau mpaka ngoma za machimboni ziishe, na wasiitazame kwa spika ya simu.