Sephiroth: Aliyedhulumiwa Akadhulumu

Ndugu msomaji, huenda umewasikia wanao wakimtaja Sephiroth, adui mkuu katika mchezo wa video wa Final Fantasy VII, uliotolewa na kampuni ya Square ya Japani mwaka 1997. Wako wasemao kuwa hana mfano kwa uovu. Wako wamteteao kuwa alidhulumiwa. Je, jina hilo baya analistahiki?

Kudhulumiwa alidhulumiwa. Hojo, baba yake mzazi, alimfanyia majaribio angali tumboni mwa mamake, na kampuni ya Shinra ikamtumia vitani kama silaha. Lakini alipofika kijiji cha Nibelheim alijifungia na vitabu, akaamini kuwa yeye ni mrithi wa taifa la kale lililosalitiwa. Khabari hiyo haikuwa sahihi. Hakuuliza wala hakupeleleza. Alikitia moto kijiji, akawaua watu wasiomkosea kitu.

Basi jina baya analistahiki, ila si peke yake. Hojo hana upanga mrefu wala nywele za rangi ya fedha, ndipo vijana wakamsahau. Mkumbushe mwanao: aliyedhulumiwa ana haki ya kudai, hana haki ya kumdhulumu asiyehusika.