Mizani Haioteshi Mihogo

Kila mwaka matokeo ya Mtihani wa Leta yanapotangazwa, mitaa yetu inajaa kelele. Waliofaulu wanamwagiwa poda nyeupe kichwani, pikipiki zinapiga honi, mama zetu wanapiga vigelegele. Nasi tunafurahi pamoja nao. Lakini kelele zikiisha, yafaa tujiulize: mtihani huu unapima nini, nasi tumeufanya kuwa nini?

Kwanza tuseme wema wake. Tangu mwaka 1967 mtihani huu unawapa vijana wa nchi nzima, waliosoma masomo ya aina moja, maulizo ya namna moja. Anayepata 50 kwa 100 anapewa diploma. Mtoto wa mlimani asiye na mjomba ofisini anapimwa kwa karatasi ile ile ya mtoto wa mkubwa. Hiyo ni haki, na asiyeiona haki hiyo asituambie kwamba mtihani uondolewe.

Lakini mizani, hata ikiwa nzuri namna gani, haioteshi mihogo. Mihogo inaota shambani, kwa jembe na kwa jasho. Sisi tumeacha shamba, tumekaa siku zote kando ya mizani.

Tutazame kazi yenyewe. Mbali na insha, inayoandikwa kabla ya zile siku nne kubwa, maulizo mengi ni ya kuchagua: majibu yamekwisha kuandikwa, kijana anatia alama kwenye moja. Kwa hiyo, mwaka wa mwisho ukianza, masomo mengi yanaacha kufundisha, yanazoeza kuchagua tu. Jioni moja tuliwakuta vijana katika kiwanja cha kanisa, wanarudia maulizo ya miaka iliyopita. Mmoja alijibu kumi bila kosa. Tukamwuliza, «Kwa nini jibu ni hilo?» Akatuambia, «Mwalimu, ile ndiyo inatokaka kila mara.»

Tusimcheke. Sisi walimu wa dini tumefanya vile vile. Tumewakubali watoto kwa Ubatizo kwa sababu walikariri majibu ya katekisimu mbio kama mvua juu ya mabati. Siku moja msichana alimaliza yote. Tukamwuliza, kumsamehe mwenzake aliyemwibia kalamu ni kufanya nini? Akatazama dari. Kosa halikuwa lake. Sisi ndio tuliompima kabla ya kumfundisha.

Na mzizi wa jambo uko katika masomo ya chini. Katiba ya mwaka 2006 inasema masomo hayo ni bure katika masomo ya Leta, na tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 neno hilo lilianza kutekelezwa, hata katika masomo ya Wakatoliki yanayofuata mapatano ya mwaka 1977 pamoja na Leta. Watoto wengi waliokuwa nyumbani wakaingia, na hilo ni jema. Lakini vyumba vikajaa. Mwalimu mwenye watoto wengi kuliko viti hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Mwishoni mtoto anapewa mtihani wa Kifaransa, lugha asiyoisikia kwao jikoni. Akishindwa, nani atajua kama hakuelewa hesabu, au hakuelewa ulizo tu?

Liko na jambo baya zaidi. Katika somo moja tusilolitaja, wazazi waliombwa fedha «za kuwapokea wasimamizi». Wote walijua fedha hizo zinanunua nini: jicho lisilotazama. Maandiko yanakemea mizani ya hila, na hii ndiyo mizani ya hila. Anayeibiwa hapo ni yule maskini, maana mizani ile ndiyo peke yake iliyomhesabu sawa na tajiri.

Tunamkumbuka pia msichana aliyepata 48. Baba yake, aliyekuwa ameuza mbuzi kwa ajili yake, alisema, «Basi, huyu hana akili.» Siku nne zilihukumu miaka yote! Mtihani ulisema tu kwamba safari hii hakufika 50. Neno la akili aliliongeza baba.

Tufanye nini basi? Wazazi, jioni msimwulize mtoto amepata ngapi. Mwulizeni ameelewa nini, naye awaeleze kwa Kiswahili, hata kama ninyi hamkusoma. Walimu, kila juma mtoto aandike ukurasa mmoja kwa maneno yake mwenyewe, usio na majibu ya kuchagua. Kamati za wazazi, fedha ya wasimamizi ikiombwa, mkatae wote pamoja, kwani anayekataa peke yake mtoto wake ndiye anayeumia. Na aliyeanguka asifungiwe mlango: anaweza kurudia mwaka, au kujiandikisha kama mtahiniwa aliyejisomea mwenyewe.

Yule msichana wa 48 alirudi kukaa katika kiwanja cha kanisa na vitabu vyake. Baba yake hajasema neno tena, lakini juzi tulimwona akimletea taa.